Rova ilisema mita 12, chini ilikuwa mita 3 na kidogo: kisa cha majaruba ya chumvi, Lindi

Kisa hiki kinahusu kuongoza rova, kile kigari cha roboti kinachotembea sayari nyingine, ila sayari yetu ilikuwa majaruba ya chumvi nje kidogo ya mji wa Lindi. Kikundi, chuo chao, kijiji na mwenye majaruba nimewaficha wote, hata rova yenyewe haiitwi hivi ila hapa tutaiita Kobe. Mimi nilikuwa refa upande wa uwanjani, kwa hiyo niliyoyaona kwa macho nayaeleza kama nilivyoyaona, na yaliyosemwa ndani ya chumba cha waongozaji nimeyatoa kwenye daftari lao la zamu ambalo wamekubali litumike. Naandika kwa ajili ya vikundi vingine vinavyotaka kufanya zoezi kama hili, maana naona wengi akili yote iko kwenye kupanda mawe.

Usuli

Rova ya Mirihi huwezi kuiendesha kwa rimoti. Mawimbi ya redio yanachukua kama dakika 3 sayari zikiwa karibu na kama dakika 22 zikiwa mbali, na hapo ni kwenda tu, kurudi bado. Ukiona jiwe kwenye picha ukasema simama, rova ilishaligonga zamani. Ndo maana wale wa JPL, maabara inayoongoza rova za NASA kule California, hawakai na usukani, wanapanga safari ya siku nzima, wanaituma, rova inaifanya peke yake halafu inaripoti kupitia satelaiti zinazoizunguka Mirihi. Vijana walitaka waionje hali hiyo hiyo, siyo kusoma tu.

Kwa hiyo tukaweka sheria. Waongozaji wako kwenye chumba kimoja kijijini, madirisha yamezibwa na khanga, uwanja hawauoni. Kila amri inapita kwenye laptopu ya refa inashikiliwa dakika 8 ndo inapelekwa kwa rova, na picha na data zikirudi zinashikiliwa dakika 8 nyingine. Yaani ukiuliza swali leo, jibu lake mapema kabisa ni baada ya dakika 16, na simu kati ya uwanjani na chumbani ni marufuku.

Njia ilikuwa na sehemu tatu na kila sehemu mwisho wake kuna kijiti chenye kitambaa chekundu. Kwanza kipande cha mawe ya matumbawe, halafu jaruba, halafu mpando wa mchanga karibu na mikoko. Ramani waliyopewa ni picha ya droni iliyopigwa kabla, kwa sababu na wale wa Mirihi wanapanga njia kwa picha za kutoka juu, kamera ya HiRISE kwenye satelaiti ya MRO inaona mpaka kama sentimita 30 kwa pikseli moja.

Kuhusu jaruba lazima nieleze kidogo kwa wasiotoka pwani. Maji ya bahari yanaingizwa wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, jua na upepo vinayakausha, chumvi inaganda. Kabla ya msimu wenyewe wanakwangua sakafu ya jaruba wanaisawazisha na kuishindilia mpaka iwe ngumu. Haya tuliyopewa yalikuwa bado hayajashindiliwa, na bamvua iliyopita maji yalipenya kwenye tundu la tuta yakaingia katikati, yakakauka juu, pakawa peupe kama kwingine kote. Picha ya droni ilipigwa kabla ya bamvua hiyo. Na mwenye majaruba alishasema bamvua ijayo anafungulia maji, kazi yake haisubiri mambo ya sayari.

Kobe yenyewe

Ilikuwa na tairi sita, na mikono ya roka-bogi, ule mfumo ambao kila upande una mikono inayopanda na kushuka yenyewe bila springi, NASA wanautumia tangu Sojourner, rova yao ya kwanza Mirihi, ya 1997 na 2018 JPL walitoa bure michoro ya rova ndogo ya kujitengenezea. Vijana walichukua wazo wakalifanya la Lindi: fremu ya paipu za plastiki za maji, mota za waipa kutoka gereji, tairi za sentimita 15 zilizovalishwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kilo 14 jumla. Tairi nne za pembeni zinapiga kona, mbili za kati haziwezi. Mbele kamera mbili zimekaa sambamba ili ipime umbali, na juu simu moja ya zamani kwenye fimbo ya selfi yenye mota ndogo, inaweza kugeuka na kuinama.

Kutembea kulikuwa kwa namna mbili na kisa chote kimelala hapa. Namna ya kwanza ya polepole: inasogea sentimita 50, inasimama, inapiga picha, programu inatafuta alama zilizokuwepo kwenye picha iliyotangulia, kokoto, ufa, kivuli, inapiga hesabu rova imesogea kiasi gani kweli. Ya pili ni ya kuhesabu tairi tu. Mzunguko mmoja ni kama sentimita 47, kwa hiyo mita 12 ni mizunguko 25 na ushee, sensa ikishazihesabu inasema tayari. Ya kwanza inachosha na inakula betri. Ya pili ina kasi lakini inaamini kwamba tairi ikizunguka rova inaenda.

Palipoogopwa palipita salama

Sehemu ya mawe sitaichelewesha. Walikuwa wameifanyia mazoezi sana, wakaenda kwa mwendo wa polepole asubuhi yote, wakakwepa matumbawe yenye makali kwa sababu yanachana mpira, na hilo walilijifunza kwa Curiosity, rova ya NASA iliyoko Mirihi, ambayo tairi zake za alumini zenye unene wa milimita 0.75 zilianza kuonekana na matobo 2013 na baada ya hapo wapanga njia wakawa wanazunguka mawe makali hata kama njia inakuwa ndefu. Kijiti cha kwanza kikafikiwa, chumbani wakapiga makofi. Betri ilikuwa imebaki asilimia 58.

Jarubani

Saa sita mchana Kobe ikashuka kwenye tuta ikaingia jarubani. Hatua ya kwanza ya sentimita 50, ikasimama, ikapiga picha, programu ikakataa. Haikupata alama za kutosha. Chumvi nyeupe, jua liko utosini, hamna kivuli hamna kokoto, kila mahali panafanana. Wakaambiwa na Kobe kwamba imesimama kwa usalama. Wakarudia, ikakataa tena. Hapo zaidi ya nusu saa imeenda kwa mwendo wa mita moja.

Daftari linaonyesha mjadala ulikuwa mfupi. Mpanga njia akasema kwenye ramani ni flati mpaka kijiti cha pili, hakuna jiwe hata moja, programu inagoma kwa sababu ya weupe siyo kwa sababu kuna hatari. Mkuu wa zamu akakubali. Ukaguzi wa picha ukazimwa, ikatumwa amri ya mita 12 kwa kuhesabu tairi.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tuta na mzee anayesimamia majaruba. Kobe ilikwenda vizuri mita tatu hivi, ganda likawa linalia chini ya tairi, halafu nikaona mbele inainama kidogo na tope jeusi linatoka pembeni mwa tairi. Ikasogea tena labda sentimita 40. Baada ya hapo tairi zikawa zinazunguka palepale, zinachimba, zinatupa tope nyuma.

"Mwanangu, hawaoni hao?"

"Hawaoni mzee, picha itawafikia baadaye."

"Si uwapigie simu?"

"Hairuhusiwi mzee wangu."

Akacheka sana. Akaniambia pale katikati hata yeye hapiti, juu ukoko chini uji, na akanionyesha kwa kidole namna weupe wa pale unavyong'aa tofauti na weupe wa kando. Kwa kweli alipoonyesha nikaona. Kabla ya hapo nilikuwa sioni kitu.

Chumbani, dakika 8 baadaye, inafika ripoti: mita 12.0, imekamilika. Na picha. Binti anayetunza daftari, mdogo kuliko wote mle, akauliza mbona kile kijiti hakijawa kikubwa? Swali limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, jibu halijaandikwa. Walivyonisimulia baadaye, kijana wa programu alisema hiyo picha ni ya zamani, imechelewa kwenye foleni, kwa sababu picha zao zilikuwa hazina saa juu yake na kweli asubuhi ilishawahi kutokea picha ya nyuma ikatangulia. Mkuu wa zamu akaamua watume mita 6 nyingine ndo itaeleweka.

Mita 6 ni karibu mizunguko 13 ya tairi kwenye shimo ambalo tayari limeshaanza. Ilipomaliza, Kobe ilikuwa imekaa kwa tumbo, imelalia kushoto.

"Tusiiguse kwanza"

Picha iliyofuata ilikuwa na upeo wa macho uliopinda na hapo kila mtu akaelewa. Mawazo yakawa matatu. Mmoja anataka wasukume mbele kwa nguvu zote kwa sababu ng'ambo labda ganda ni gumu. Mwingine anataka warudi nyuma haraka kabla tope halijashika. Binti wa daftari na mwalimu aliyekuwa nao wakasema isiguswe kabisa mpaka ijulikane imekaaje.

Mkuu wa zamu, na hapa nampa haki yake, akachukua hilo la tatu. Sababu aliyoiandika ni kwamba amri mbili zilizopita walizituma wakiwa hawajui rova iko wapi na hataki ya tatu iwe hivyo hivyo. Wakatumia muda wote uliobaki wa siku ile kuomba data tu bila kusogea: pembe ya kulala, umeme unaovutwa na kila mota wakati wa zile mita 12, na picha kutoka kwenye simu ya fimbo wakiiinamisha ichungulie chini ya tumbo.

Safu ya umeme wa mota ilikuwepo kwenye ripoti tangu mwanzo, ila haikuwahi kufunguliwa. Ukiichora kwa dakika inaonyesha kabisa pale ganda lilipovunjika: mota zote zinaruka juu kwa pamoja, halafu ya kati kushoto inashuka ghafla maana tairi yake inaelea kwenye uji haina cha kushika. Na picha ya chini ikaonyesha boksi la betri limekalia tuta dogo la tope lililobaki kati ya njia mbili za tairi.

Anayeifahamu Spirit, rova nyingine ya NASA kule Mirihi, atakuwa ameshatabasamu. Mwaka 2009 Spirit ilikwama sehemu waliyoiita Troy, na ilikuwa hivi hivi, ganda jembamba juu na chini mchanga laini wenye salfeti, na wakatumia kamera iliyokuwa mkononi mwa rova, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia mawe kwa karibu, kuchungulia chini ya tumbo la rova yenyewe. Picha zilikuwa hazina ubora lakini zilitosha kuona kuna kitu kimegusa tumbo.

Shimo la uani

Kesho yake wakachimba shimo nyuma ya jengo ili wajaribu kabla ya kutuma amri yoyote, kama JPL walivyofanya kwa Spirit, ambao walichanganya udongo wa mfinyanzi na unga wa mabaki ya vijimea vya majini ili kupata ulaini unaofanana na Troy. Vijana wakachukua tope la mikoko, mchanga laini wa ufukweni na chumvi ya mawe, wakaweka fremu ya akiba ya Kobe ndani na kuijaribu. Ikatoka kirahisi tu, mbele na nyuma, furaha ikawa kubwa.

Mimi nilijua shimo lile haliko sawa ila refa hasemi. Kilichowaokoa ni sheria moja: walikuwa na haki ya kumuuliza mtaalamu wa ardhi swali moja, na wakamchagua mzee. Akaja, akasalimiwa, akatia mkono mle shimoni, akasema tope lenu limekaa pamoja mno, la kule limegawanyika, na ganda hamna. Acheni usiku mzima na kesho jua lilipige mpaka juu pakauke, chini msipaguse.

Siku iliyofuata shimo likawa na tabia ya jaruba kweli, na majibu yakabadilika yote. Kwenda mbele kulikuwa kunazamisha kila mara. Kurudi nyuma kwa kasi kulikuwa kunazamisha tairi za nyuma. Kilichofanya kazi ni kwanza kuzichezesha tairi nne za pembeni kushoto na kulia bila kuzungusha, zivunje kingo za ganda, halafu kurudi nyuma polepole sana kwa tairi zote sita zikiwa zimenyooka, nusu mzunguko, simama, picha. Na hata hapo uzito unadanganya. Fremu ya akiba ilikuwa nyepesi kuliko Kobe kwa hiyo wakaiongezea mawe mpaka kilo 14. Kule Mirihi shida ni kinyume, mvutano wake ni kama asilimia 38 ya huku kwetu, ndo maana JPL mbali na rova yao ya kawaida ya majaribio walitumia na nyingine nyepesi kwa ajili ya kisa cha Spirit.

Kutoka

Amri ya kwanza ya kurudi iliagiza mita 2 kwa vipande vipande, Kobe ikasogea sentimita 3. Kuna aliyekata tamaa, lakini mwalimu akawakumbusha Opportunity, rova pacha ya Spirit, mwaka 2005, ilivyozama kwenye kituta cha mchanga walichokipa jina la Purgatory, tairi zikazungushwa kiasi cha kutosha kwenda mita 192 na rova ikasogea chini ya mita moja, na ikatoka, na ikaendelea kutembea mpaka 2018 ikafikisha zaidi ya kilomita 45. Sentimita 3 ni jibu, siyo kushindwa.

Wakaendelea. Kati yake mota ya kati kushoto ikafa, maji ya chumvi yaliingia, hiyo hakuna mtu aliyeshangaa. Wakaburuza tairi iliyokufa. (Spirit nayo ilikuwa inaburuza tairi ya mbele kulia tangu 2006, na ule mfereji iliouchimba 2007 ndo ulifunua udongo mweupe wenye silika nyingi, moja ya ugunduzi mkubwa wa safari yake. Kwa Kobe tairi iliyokufa ilifunua tope.) Jioni tumbo likaachana na tope, na saa moja kabla ya giza tairi za nyuma zikashika ganda gumu.

Hapo ukaja uamuzi wa mwisho. Kijiti cha pili kiko mbele yao kwa mstari ulionyooka, pembeni kidogo ya shimo. Kuzunguka kwa juu ya tuta ni zaidi ya mara mbili ya umbali na betri haitatosha kwa kijiti cha tatu, na bamvua inakuja. Wakachagua tuta. Kesho yake wakafika kijiti cha pili wakaishia hapo, wakapoteza pointi za sehemu ya mchanga zote. Siku ya pili yake maji yakafunguliwa.

Uchambuzi

Kuzima ukaguzi wa picha siyo kosa lenyewe, nasema hivi kwa sababu waliosoma ripoti ya kwanza wote wanaishia hapo, "wangeacha umewashwa". Ungewashwa usingefanya kazi, ulikuwa hauna alama za kushika, na hata rova za Mirihi zinaendeshwa bila ukaguzi huo mara nyingi tu pakionekana salama ili ziende mbali. Shida ni kwamba waliondoa mlinzi mmoja wasiweke mwingine. Umeme wa mota ulikuwepo, haugharimu betri, haujali weupe wa chumvi, na mstari mmoja kwenye programu unaosema umeme ukipita kiasi hiki kwa sekunde tano simama, ungeisimamisha Kobe ikiwa imezama sentimita chache. Opportunity iliingia Purgatory kwa mtindo huo huo, safari ya kama mita 90 ya kuhesabu tairi, ikaacha kusonga kabla ya nusu na tairi zikaendelea kuzunguka mpaka hesabu ikaisha. Baada ya hapo ndo wakaanza kuiwekea vituo vya kupima utelezi njiani.

Kuteleza kunapimwa hivi: uliyoamuru toa uliyotembea, gawa kwa uliyoamuru. Kobe iliamriwa mita 12 ikatembea 3.4, ni kama asilimia 72. Ya pili ni asilimia 100. Ila huwezi kupata ile namba ya uliyotembea kutoka kwenye tairi, maana tairi inakuambia habari za tairi. Lazima itoke kwa macho, au kwa kitu kingine nje ya tairi.

Jambo la pili kwangu ni kubwa zaidi, na ni ramani. Kamera zinaona umbo la ardhi, hazioni nguvu yake. Jiwe linaonekana, mteremko unaonekana, kivuli cha shimo kinaonekana, lakini ganda la chumvi juu ya tope linaonekana kama sakafu. Vijana walipanga hatari kwa umbo kwa hiyo mawe wakayapa asubuhi nzima na flati wakaipa sentensi moja. Walilalamika pia kwamba ramani ilikuwa ya kabla ya bamvua, kwamba refa tuliwaonea. Siafiki. Tarehe ya picha ilikuwa imeandikwa kwenye kona yake na bamvua Lindi hata mtoto anaijua iko lini, hakuna aliyeunganisha hayo mawili.

Ile amri ya pili ya mita 6 ndo siwezi kuitetea kwa namna yoyote. Ya kwanza ilikuwa na sababu. Ya pili ilitumwa "ieleweke", yaani walitumia mwendo kama njia ya kuuliza swali, wakati kuomba picha mpya kungewapa jibu lile lile kwa dakika 16 bila kuchimba kitu. Na swali la binti lilikuwa limeshatoa jibu: kama rova imekaribia, kijiti kingetakiwa kionekane kikubwa zaidi. Nikimuuliza mkuu wa zamu anasema hakulipuuza, alilisikia, ila kijana wa programu alijibu haraka na kwa uhakika na yeye akaenda na mwenye uhakika. Naamini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye chumba cha namna ile anayejibu haraka anashinda, na mdogo akiuliza mara moja asipojibiwa harudii.

Kilichofanya kazi vizuri ni kule kusimama. Wengi wakiona rova imelala wanaanza kuitikisa. Wao waliacha siku ikaisha bila tairi kuzunguka, na picha ya chini ya tumbo pamoja na mchoro wa umeme vikawaambia mbele hakufai kabla hata ya shimo la uani. Shimo nalo nalisifu kwa nusu, lile la kwanza lingewaua kama wangelifuata, lilikuwa laini kwa namna ambayo siyo ya jaruba, na bila mzee wangetuma amri ya mbele kwa kujiamini kabisa. Kuhusu tuta, kuna wanaosema waliogopa. Curiosity mwaka 2014 iliingia bonde la mchanga lililoitwa Hidden Valley, ikaona inateleza kuliko ilivyotarajiwa, ikageuza ikatafutiwa njia nyingine, na hakuna aliyewaita waoga.

Walichobadilisha

Picha zote sasa zina saa na namba ya amri. Umeme wa mota una kikomo. Kwenye ardhi isiyo na alama simu ya fimbo inageuzwa nyuma iangalie njia ya tairi za Kobe yenyewe, na tairi moja wameichonga ngazi ili kila mzunguko iache alama chini, wazo la Curiosity hilo, tairi zake zina matundu yanayoandika JPL kwa Morse, ile lugha ya nukta na mistari, kwenye mchanga na picha zinahesabu umbali kati ya alama na alama. Anayepanga njia anatakiwa aandike kila kipande ardhi yake ni nini na amejuaje, siyo flati au siyo flati tu.

Na wameweka kikomo cha utelezi, asilimia 40, ikipita hapo Kobe inasimama yenyewe. Hapo ndo wanagombana mpaka sasa. Kwenye mpando wa mchanga mkavu Kobe inateleza karibu na hapo hata ikienda vizuri, kwa hiyo inasimama simama na betri inaisha njiani. Kijana wa programu anataka vikomo viwili, kimoja cha mchanga na kimoja cha chumvi. Mpanga njia mwenyewe ndo anakataa, anasema anayechagua kikomo gani kitumike ni yule yule aliyeangalia ramani akasema flati. Kwa sasa wameiacha 40 kote, na msimu ujao wanaanza na mchanga kwanza, jaruba baadaye, likiwa limeshashindiliwa.